Hatimiliki si kibali: jinsi ujenzi karibu na ardhi oevu unavyokaguliwa

Ploti nyingi katika Kaunti ya Kilifi hukaguliwa na wanunuzi wakati wa kiangazi. Ni msimu ambao magari hufika shambani bila kukwama, vigingi vya mpima ardhi huonekana wazi na nyasi zimekauka. Mnunuzi huonyeshwa mahali tambarare, kwa bei iliyo chini ya ploti za jirani, na huambiwa kwamba hatimiliki iko tayari. Masika yanapofika, mahali hapo huwa na maji ya kufika magotini.

Kinachofuata kimeshuhudiwa katika miji mingi ya Kenya. Mwenye ploti huagiza malori ya kifusi ili kuinua kiwanja. Maji yaliyokuwa yakituama hapo huhamia kwa jirani, na jirani naye huagiza kifusi. Baada ya misimu michache, mtaa mzima unalalamikia mafuriko. Aliyetumia akiba ya miaka mingi kujenga nyumba hiyo hana pa kupeleka malalamiko kwa urahisi, kwa kuwa muuzaji alishapokea pesa na dalali hapatikani tena kwa simu.

Hasara ya namna hii inaweza kuzuiwa, na wakati rahisi wa kuizuia ni kabla ya msingi kuchimbwa, ramani ikiwa bado mezani. Ndiyo maana sheria imeweka ukaguzi wa maombi ya ujenzi mikononi mwa serikali za kaunti, na ikawapa wakazi nafasi ya kusema katika ukaguzi huo. Makala haya yanaeleza ukaguzi unavyofanyika, mambo yanayoangaliwa pale ujenzi unapokaribia ardhi oevu, na hatua ambazo mnunuzi, mjenzi na jirani wanaweza kuchukua.

Ardhi oevu ni ipi?

Watu wengi wakisikia ardhi oevu huwaza kinamasi chenye matete kisichokauka mwaka mzima. Kanuni za mazingira za mwaka 2009 zinazosimamia ardhi oevu, kingo za mito na fuo za maziwa na bahari zina maana pana zaidi. Zinahesabu maeneo yanayofurika maji kila wakati au kwa msimu, ambako mimea na wanyama wamezoea hali hiyo. Maji yenyewe yanaweza kuwa ya asili au ya kuchimbwa na watu, yaliyotuama au yanayotiririka, matamu, ya chumvichumvi au ya bahari. Hata maji ya bahari yenye kina kisichozidi mita 6 wakati wa kupwa yamo.

Kwa maana hiyo, Kilifi ina ardhi oevu kuliko wengi wanavyodhani. Zipo hori za Mtwapa, Kilifi na Mida, na mikoko inayozizunguka. Upo mlango wa Mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, ambako ndege wahamao hutua kwa wingi. Yapo pia mabonde ya mito, na maziwa madogo na vidimbwi vya msimu ambavyo huonekana miezi michache tu kwa mwaka. Hivi vya msimu ndivyo vilivyo hatarini zaidi, kwa sababu wakati wa kiangazi hufanana na kiwanja chochote kingine.

Hata hivyo, kuna dalili zinazobaki maji yakiondoka. Ndago na matete huota mahali penye unyevu hata jirani pakiwa pamekauka. Udongo mweusi wa mfinyanzi hupasuka nyufa pana. Mashina ya miti huwa na alama ya tope inayoonyesha kimo cha maji. Karibu na bahari, mashimo ya kaa ni ushahidi kwamba maji ya bamvua hufika hapo. Na kila kijiji kina wazee wanaojua maji hupita wapi.

Kazi inayofanywa na kidimbwi

Thamani ya kidimbwi inaweza kukadiriwa kwa hesabu rahisi. Ekari moja ya bonde yenye maji ya kina cha nusu mita hubeba takribani lita milioni 2. Hayo ni matangi 200 ya lita 10,000 kila moja. Bonde hilo likijazwa kifusi, maji hayo hayapotei. Mvua itanyesha kiasi kilekile, na lita hizo milioni 2 zitatafuta njia kupitia barabarani, vyooni na katika vyumba vya watu. Maji hufuata mkondo.

Ardhi oevu hufanya kazi nyingine isiyoonekana. Maji yakitulia, tope huzama na mimea hunyonya sehemu ya uchafu. Katika maeneo mengi, maji huzama polepole na kuongeza yale ya chini ya ardhi yanayotekwa visimani. Kwa wakazi wa karibu na bahari jambo hili lina uzito wa pekee. Maji matamu yanapopungua chini ya ardhi, maji ya chumvi huingia kuchukua nafasi yake, na kisima kilichokuwa na maji ya kunywa huanza kuwa na ladha ya chumvi.

Mikoko nayo huvunja nguvu za mawimbi, hushika tope lisifunike matumbawe, na huwa makao ya samaki wachanga, kamba na kaa. Kenya ina zaidi ya hekta 60,000 za mikoko. Sehemu kubwa iko Lamu, na Kilifi ina takribani hekta 8,500. Mvuvi wa Mida na mama anayekaanga samaki sokoni wanaitegemea mikoko hiyo, hata kama jina lao halimo katika hatimiliki yoyote ya jirani yake.

Hatimiliki na kibali ni vitu viwili

Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kwamba mwenye hatimiliki anaweza kujenga chochote, popote ndani ya mipaka yake. Hatimiliki huthibitisha mwenye ardhi ni nani. Haisemi kwamba ardhi hiyo inafaa kujengwa nyumba, wala haiondoi masharti ya mipango na mazingira. Katiba inalinda haki ya kumiliki mali katika Kifungu cha 40. Katiba hiyohiyo, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 66 kinaipa serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi kwa ajili ya usalama, afya ya umma na mipango bora.

Zipo pia sehemu ambazo si za mtu binafsi. Kwa mujibu wa Kifungu cha 62, ardhi yote iliyo kati ya kikomo cha maji kujaa na kikomo cha maji kupwa ni ardhi ya umma, sawa na mito na maziwa kama yanavyoelezwa na sheria. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932. Anayeuziwa ploti yenye mikoko ndani yake anapaswa kusimama na kuuliza maswali kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kando ya mito, kanuni za mazingira zinakataza ujenzi na kilimo katika ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kulingana na upana wa mto, kwa kuzingatia kimo cha juu kabisa ambacho mafuriko yamewahi kufika. Mnunuzi wa ploti ya kawaida ya futi 50 kwa 100 anafaa kuelewa maana yake. Futi 100 ni karibu mita 30.5. Ikiwa ploti inaanzia kwenye ukingo huo kuelekea ndani na ukanda uliowekwa ni wa mita 30, basi karibu ploti yote imo ndani ya ukanda. Hata ukanda wa mita 6 ni takribani futi 20, yaani sehemu moja kwa tano ya urefu wa ploti hiyo. Bei nafuu ya ploti za kando ya mto mara nyingi inatokana na hesabu hii ambayo mnunuzi hakuifanya.

Safari ya ombi la ujenzi

Sheria ya Mipango ya Ardhi na Matumizi Yake ya mwaka 2019 inasema kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kuendeleza ardhi katika kaunti bila kibali kutoka kwa waziri wa kaunti anayehusika na mipango. Kuendeleza hakumaanishi kujenga nyumba pekee. Kugawa shamba kuwa ploti na kubadilisha matumizi ya ardhi, kwa mfano kutoka kilimo kuwa makazi, kunahitaji kibali pia.

Ombi likishapokelewa, kaunti ina siku 7 za kulituma kwa taasisi zinazohusika, nazo zina siku 14 za kutoa maoni. Kwa kiwanja kilicho karibu na maji, taasisi hizo zinaweza kuwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA), Huduma ya Misitu (KFS) pale penye mikoko, maafisa wa afya ya umma na wasimamizi wa barabara. Baada ya hapo, kaunti inaweza kukubali, kukubali kwa masharti, au kukataa na kueleza sababu.

Kuna kipengele ambacho wakazi na maafisa wote wanafaa kukijua. Sheria inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali kitachukuliwa kuwa kimetolewa. Kipengele hiki kinamlinda mwananchi dhidi ya ofisi inayokalia mafaili. Lakini maana yake ni kwamba ombi la kujenga juu ya kinamasi likikaa bila kujibiwa linaweza kupita bila mtu yeyote kulisoma. Maoni yanayochelewa, yawe ya taasisi au ya jirani, yanaweza kufika wakati hayana kazi tena.

Kibali cha kaunti hakichukui nafasi ya leseni ya mazingira. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, katika kifungu cha 42, inakataza kujenga, kuchimba, kujaza, kukausha au kuziba njia ya maji katika mto, ziwa au ardhi oevu bila idhini ya maandishi kutoka NEMA, inayotolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Mjenzi mwenye karatasi moja kati ya hizi mbili bado hajakamilisha safari.

Mambo yanayoangaliwa

Mkaguzi wa ombi la makazi karibu na ardhi oevu anapaswa kupata majibu ya maswali haya:

- Maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi, wakati wa masika na wakati wa vuli? Mchoro unaoonyesha nyumba bila kuonyesha njia ya maji haujakamilika.
- Kimo cha juu cha mafuriko ni kipi, na mpaka wa ukanda wa hifadhi umewekwa wapi kwenye ramani?
- Je, kuna mpango wa kujaza kifusi? Ni kiasi gani, na maji yatakayosukumwa yatakwenda kwa nani?
- Maji taka yataelekezwa wapi? Mahali ambapo maji ya chini ya ardhi yako karibu, shimo la choo hukutana nayo, na uchafu husafiri hadi visima vya jirani. Hii ndiyo njia moja ambayo kipindupindu huingia mtaani.
- Eneo linalogawanywa lina ploti ngapi? Nyumba moja inaweza isiwe na athari kubwa, lakini paa 60 na barabara zake humwaga maji ambayo zamani yalizama ardhini.
- Ni nani wanaotumia eneo hilo sasa, kwa malisho, uvuvi, kuteka maji au ibada, nao wameulizwa?

Kukataa si jibu pekee. Mara nyingi suluhisho ni kusogeza nyumba, kupunguza ukubwa wake, kuacha sehemu ya bonde kama bustani au uwanja wa wazi, kujenga njia ya magari inayopitisha maji, au kuunganisha nyumba kadhaa na mfumo mmoja wa maji taka ulio mbali na hori. Mwenye shamba la ekari 5 lenye bonde katikati anaweza kupata ploti chache kidogo na kuuza zote kwa bei nzuri, badala ya kuuza nyingi ambazo nusu yake zitamrudishia kesi.

Sauti ya jirani

Sheria inamtaka mwombaji kutangaza mradi wake kwa umma na kuwaalika wananchi kuwasilisha pingamizi. Tangazo likionekana, liwe ni bango kwenye kiwanja au ni la gazetini, lisipuuzwe. Anayesubiri hadi tingatinga ifike amechelewa. Tahadhari kabla ya hatari.

Pingamizi linalosaidia huwa fupi na lenye ushahidi. Litaje nambari ya ploti iliyo kwenye tangazo. Lieleze maji yanapita wapi na yamewahi kufika wapi, mwezi gani na mwaka gani. Picha zilizopigwa wakati wa mvua, zenye tarehe, zina nguvu kuliko kurasa nyingi za malalamiko. Kisha liseme kinachoombwa: ombi likataliwe, nyumba isogezwe, au sharti fulani liwekwe. Barua iwasilishwe kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, na aliyeileta abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Haki hii haikusudiwi kutumika kulipiza kisasi cha mipaka au cha biashara. Mwombaji naye ni mwananchi mwenye haki ya kusikilizwa na kujibiwa kwa wakati. Yeyote asiyeridhika na uamuzi, awe mwombaji au mtu mwingine anayeguswa, anaweza kukata rufaa ndani ya siku 14 kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi, na baadaye katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Uamuzi wa NEMA kuhusu leseni hupingwa katika Jopo la Kitaifa la Mazingira, ndani ya siku 60.

Gharama ya kuchelewa

Anayeendeleza ardhi bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Tena anaweza kuamriwa kurejesha ardhi katika hali yake ya awali. Kwa aliyejaza kinamasi, amri hiyo ina maana ya kulipia malori mara mbili: ya kuleta kifusi na ya kukiondoa.

Nchi imeona mifano. Agosti 2018, majengo kadhaa ya biashara jijini Nairobi yaliyodaiwa kuwa kwenye kingo za mito yalibomolewa, na baadhi ya wenyewe walisema walikuwa na karatasi za idhini. Mapema Mei 2024, baada ya mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi ndani ya mita 30 za mito kuhama. Waliobomolewa makao yao Mathare na Mukuru walikuwa miongoni mwa wenye uwezo mdogo zaidi jijini. Makosa ya mipango yaliyoachwa kwa miaka yalisahihishwa kwa siku chache, na wapangaji ndio walioumia zaidi.

Kilifi iko kwenye njia ya maji hayohayo. Mto Athi unaopita nje ya Nairobi ndio unaobadilika kuwa Galana, kisha Sabaki, hadi baharini karibu na Malindi. Mvua za El Niño za Novemba 2023 ziliharibu daraja la Mbogolo katika barabara ya Kilifi kwenda Malindi, na usafiri ukakatika. Mvua kubwa kama hizo zitarudi. Maeneo yatakayopokea maji hayo wakati huo yanaamuliwa sasa, ploti kwa ploti, katika maombi yanayosubiri kukaguliwa.

Kabla ya kununua au kujenga

1. Tembelea ploti wakati wa mvua. Ikiwa haiwezekani, zungumza na majirani wasiopungua watatu na mzee wa kijiji.
2. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi kuthibitisha mwenye ploti, kisha nenda ofisi ya mipango ya kaunti kuuliza matumizi yaliyoruhusiwa na kama ugawaji wa shamba hilo uliidhinishwa. Ni maswali mawili tofauti, katika madawati mawili tofauti.
3. Ploti ikiwa karibu na mto, hori, mikoko au kidimbwi, omba mpaka wa ukanda wa hifadhi uonyeshwe ardhini na wataalamu wa WRA, NEMA au KFS, kulingana na mahali, kabla ya kulipa.
4. Usilete lori hata moja la kifusi kabla ya kupata kibali cha kaunti na idhini ya NEMA.
5. Ikiwa tayari umenunua mahali penye maji, usijifiche. Leta ramani ofisini ujadiliane na maafisa kuhusu sehemu inayoweza kujengwa. Mazungumzo ya mapema yanaweza kuokoa sehemu ya ploti. Msingi uliokwisha kumwagwa zege hauna nafasi hiyo.
6. Ukiona ardhi oevu inajazwa na hakuna bango la mradi, toa taarifa kwa afisa wa mipango wa kaunti, msimamizi wa wadi au ofisi ya NEMA, ukitaja mahali, tarehe na kinachofanyika.

Kila mkazi anayehitaji nyumba ana haki ya kuipata mahali salama. Kwa anayetarajia kununua msimu huu, hatua ya kwanza ni kupeleka nakala ya hatimiliki na ramani ya ploti katika ofisi ya mipango ya ardhi iliyo karibu, na kuuliza swali moja kabla ya kutia sahihi makubaliano: masika yakifika, maji ya hapa hukaa wapi?